Sufuria Isiyoazimika

Nitaanza na wezi, maana bila wao nisingejua hata kama duniani kuna sufuria ya stenlesi. Siwasemi wale wa usiku wanaovunja dirisha. Wale heri yao, wana haya, wanakuja umelala. Wangu walikuja mchana, wakabisha hodi, wakapewa kiti na maji ya kunywa, wakaondoka na sufuria zangu huku nawasindikiza mpaka njia panda.

Wa kwanza ni wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, anayekaa mtaa wa pili kutoka kwetu hapa hapa Dodoma mjini. Jina silitaji. Simwogopi, ila wifi mkubwa ninaye mmoja tu, akisomewa haya atajijua. Yeye alichukua sufuria yangu kubwa ya kusongea ugali, ya alumini, nene, niliyoipata kwa foleni ya duka la ushirika enzi zile ambapo sufuria zilikuja kama mvua ya kwetu, mara moja na wengi wasipate. Alisema anaazima kwa ajili ya arobaini ya baba mkwe wake. Arobaini ikapita. Mtoto akazaliwa nyumba ile, akaota meno, akaanza kutukana, sufuria haijarudi. Nilipouliza nikajibiwa, "Kwani wifi, sufuria ikikaa kwangu imetoka nje ya ukoo?"

Wa pili ni mwenyekiti wa kamati ya vyombo. Kina mama wa mtaani kwetu tulikuwa na kamati hiyo kwa ajili ya misiba. Mtu akifa, mwenyekiti anapita nyumba kwa nyumba na mkokoteni, kila mmoja anatoa sufuria, sahani, alichonacho. Huwezi kukataa. Ukikataa, siku ukifiwa wewe utawapikia waombolezaji kwenye kofia ya marehemu. Kwa hiyo kila mwanamke anaweka alama matakoni mwa sufuria yake, ili msiba ukiisha ajichambulie iliyo yake. Wenye rangi wanapaka rangi. Mimi nilichukua msumari nikagonga mwezi mwandamo, kazi ya mchana mzima. Siku ya kuchambua nikaiona sufuria yangu kwa mama mmoja, nikamwonyesha mwezi wangu. Akaigeuza, akautazama vizuri, akasema, "Mwezi ni wa Waislamu wote, au huu umeuandamisha wewe peke yako?" Mwenyekiti, badala ya kuamua haki, alicheka mpaka akakaa chini. Sufuria ikaenda. Leo nimeiandika, nimepumua.

Wa tatu ni mume wangu. Alikuwa fundi cherehani, anashonea barazani pale pale nyumbani, mtu mwema, kila anayemjua atakwambia. Ila wema wake ulikuwa wa vitu vyangu. Mtu akija kuazima chombo, mimi niko jikoni natafuta la kusema, yeye hata kichwa hainui kwenye mashine, "Chukueni tu, ni vyenu." Cherehani yake mwenyewe hata sindano haikuazimwa.

Basi maduka yakaanza kujaa. Ile miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, kila kilichopotea kikarudi na ndugu zake: sabuni za kunukia, khanga, betri, sufuria za kila umbo. Mimi nikadhani sasa tumepona, mwenye shida na sufuria ataingia dukani. Wapi! Watu walikuwa wamezoea foleni. Walipoikosa dukani wakaihamishia mlangoni kwangu.

Mwezi wa Ramadhani ukaingia nikiwa nimebakiwa na sufuria moja. Moja, jamani, kwa nyumba yenye watoto na mwanamume. Napika uji, naumimina kwenye jagi, naosha. Napika mlenda, naumimina kwenye bakuli, naosha. Ndipo naweka maji ya ugali. Adhana ya magharibi inanikuta na majivu mkononi nasugua. Mume wangu, siku za mwanzo alivumilia. Alikunywa uji uliokwisha kugeuka gundi, akasubiri ugali kama anayesubiri treni ya kutoka bara. Baadaye nikaona anakwenda kuswali magharibi, anarudi kashiba.

"Umefuturu wapi, baba watoto?"

"Nilipitia kwa dada. Akanikaribisha, ningekataaje?" Akafuta masharubu. "Leo kasonga ugali, mama watoto! Hauna hata kidonge kimoja."

"Kausongea kwenye nini?"

Akafikiri. Hakuwa mtu wa hila, hilo namshuhudia. "Kwenye ile kubwa, nene."

"Ile yangu?"

"Ndiyo inayosonga vizuri," akasema, akaenda kulala.

Mwenzangu, kwetu sisi mume akifuturu nje na mke yuko hai, hana homa, hajazaa jana, basi mke huyo ameshasemwa. Na mimi nilisemwa. Wifi alikaa kisimani, si kando, katikati kabisa, akatangaza kwamba kaka yake kwa mkewe anapita tu kubadilisha shati. Watoto wangu wakaulizwa na wenzao baba yao anakula kwa nani. Hapo ndipo nilipoapa. Mwaka unaokuja, mwezi ukiandama, mume wangu atafuturu kwangu, kwa moto wangu, siku zote za mfungo. Ikishindikana, nafunga kilichobaki narudi kwetu Busi, Kondoa, nikalime uwele na nyani.

Mwaka mzima niliuza karanga nikiwaza sufuria. Mimi shule niliishia darasa la nne, la tano nililisikia kupitia dirishani, lakini kuwaza sikufundishwa na mwalimu. Nikijinunulia alumini nyingine, nitakuwa nimewanunulia wao. Nikinunua kubwa, ya msiba hiyo. Nikinunua nene, ya wifi. Nikaona kumbe swali si sufuria gani inapika vizuri. Swali ni sufuria gani haiazimiki.

Mwezi wa Shaabani ile moja iliyobaki ikatoboka kitako, nikaingia duka la vyombo karibu na soko. Mwenye duka alikuwa mtu wa kwetu, wa milima ya Kondoa, maneno mengi kama redio. Nikamwambia nataka sufuria. Akaniteremshia za stenlesi, zinang'aa mpaka nikajiona meno. Akatoa sumaku mfukoni, akaigusisha kwenye moja, ikateleza ikaanguka.

"Umeona, dada? Sumaku haishiki. Ya uongo ingeganda hapo hapo."

"Kaka, sumaku si shida yangu. Nionyeshe isiyoshikwa na wifi."

Akanitazama. Nikamweleza yote, maana hakukuwa na mteja mwingine, na mtu wa kwenu ukimficha atauliza kwa wengine. Akacheka, akaniletea sufuria nzito, kitako kama tofali, masikio mawili ya chuma hicho hicho. "Hii ndiyo yenyewe. Moto unaenea sawa, haiunguzi, utamrithisha mkweo. Iweke kwenye kuni, iweke kwenye mkaa, haijali."

"Kwenye kuni inakaa?"

"Inakaa mpaka kiama."

"Basi rudisha juu."

"Dada!"

"Msibani wanapikia kuni. Inayokaa kwenye kuni haitakaa kwangu. Ile yenye mkono mrefu ni ya nini?"

Juu kabisa, penye vumbi, palikuwa na seti ya sufuria tatu zilizoingiana, kila moja ina mkono mmoja tu, mrefu kama rungu la askari, wa plastiki nyeusi ngumu, na mfuniko wa kioo. Akaishusha shingo upande.

"Hizi ni za wale wenye majiko ya umeme. Zimekaa hapa tangu nifungue. Nakuambia ukweli kwa kuwa ni dada yangu: chuma chake ni chepesi, na huo mkono ukiupeleka kwenye kuni unayeyuka."

"Unayeyuka kabisa?"

"Unadondoka."

"Na mfuniko?"

"Ukigongwa kidogo tu, umekwenda."

Nilisikia raha ambayo sikuwahi kuisikia dukani. Yule bwana akashika kichwa. "Miaka yote nauza vyombo, nimezoea wateja wananitafutia kasoro waniangushe bei. Wewe unazitafuta uzinunue!"

Lakini sikuwa mjinga wa kununua bila kujaribu. Nikaomba kigoda, nikaiweka ile kubwa sakafuni katikati ya duka, nikaibana kwa nyayo mbili, nikafungua khanga nikatoa mwiko wangu niliokwenda nao. Asiyejua ugali wa uwele atanicheka. Ule hausongwi juu ya jiko. Unakaza kama udongo wa tofali, kwa hiyo unaiipua sufuria, unaiweka chini, unaibana kwa miguu na kitambaa, ndipo unausonga kwa mikono yote miwili. Nikasonga hewa. Nikasonga kulia, nikasonga kushoto. Watu waliokuwa wanapita wakasimama mlangoni.

"Huyu kapandwa na pepo?" mmoja akauliza.

"Ananunua sufuria," akajibu mwenye duka, kwa sauti ya mtu aliyefiwa.

Sufuria ilitulia. Nikalipa nikaondoka. Kosa langu lilikuwa hilo, kwamba hewa si ugali. Lakini nani angenikubalia nisonge uwele dukani kwake?

Haukupita muda mrefu, akafa mzee mmoja mtaa wa chini, Mungu amrehemu, na mwenyekiti akatokea na mkokoteni wake. Mume wangu barazani, kichwa kwenye mashine: "Chukueni tu, ni vyenu." Safari hii nami nikaitikia kutoka ndani, "Chukueni tu!" Nikamletea mwenyewe, moja baada ya nyingine, kwa heshima.

Mwenyekiti akaishika ile kubwa kwa ule mkono, akaipima kama mtu aliyepewa bunduki. "Hii inakaaje kwenye mafiga?"

"Ijaribuni tu. Huo mkono ni plastiki, lakini labda moto wenu ni wa pole."

"Na hiki?"

"Kioo. Kikipasuka tutaelewana, si ni watu wa mtaa mmoja?"

Akairudisha taratibu, akajifuta mikono kwenye khanga. "Hii si sufuria, mama. Hili ni pambo. Tupe sahani." Nikampa sahani tatu za bati zilizokwisha kubanduka, nikaingia jikoni nikacheka peke yangu mpaka mkaa ukazima.

Mwezi ukaandama. Siku ya kwanza ya mfungo nikawasha majiko mawili ya mkaa, mikono ya sufuria nimeielekeza nje ya moto, uji huku, mlenda huku, kila kitu na sufuria yake kama nyumba ya mzungu. Bado jua halijashuka, uji tayari, unatoa moshi. Nikaweka maji ya ugali, yakachemka, nikatia unga wa uwele, nikaipua, nikakaa kigodani, nikaibana kwa miguu, nikaingiza mwiko.

Sufuria ikazunguka.

Nikabana tena. Ikazunguka tena. Ugali umetulia ndani, mwiko umesimama ndani ya ugali, kinachosonga ni sufuria, inazunguka kati ya miguu yangu kama pia, na ule mkono mrefu unapita unanigonga muundi, unarudi unanigonga mwingine. Alumini ikishazoea moto ina mikwaruzo, mguu unashika. Hii ilikuwa laini kama samaki. Na joto lake! Chuma kile kikishashika moto hakisamehe. Nikaruka, nikaita kwa sauti ambayo nadhani ilisikika stesheni.

"Baba watoto!"

Akaja mbio na futi yake shingoni, akidhani nyumba inaungua. Nikamwambia ashike mkono wa sufuria. Akachungulia nyuma, kuona kama kuna mtu. Mwanamume wa Kondoa, fundi wa watu, ashike sufuria jikoni?

"Ukiacha," nikasema, "ugali huu unaganda ulivyo, na adhana ndiyo hiyo inakuja. Kwa dada yako leo sikuruhusu, nakwambia mbele ya Mungu na mwezi wake."

Akachuchumaa. Akaushika kwa mikono miwili, uso umetazama ukutani kama anayechomwa sindano. Nikasonga. Mwenzangu, ulisongeka! Adhana ilipoita alikuwa pale, hana pa kwenda, na uji wa moto mbele yake. Akanywa bakuli mbili. Watoto wakamtazama kama mgeni wa heshima.

Kesho yake hivyo hivyo, na siku iliyofuata. Nikagundua sufuria yangu ina faida ambayo hata mwenye duka hakuijua: haisongi bila mwenye nyumba. Jua likianza kuelekea chini, mume wangu anafunika cherehani, anaingia ndani, anafunga mlango wa ua kwa komeo, anachuchumaa. Alilalamika, sitasema hakulalamika. "Watu wakijua, nitavaa baibui," alikuwa akisema. Lakini alikaa. Na kwa kuwa amekaa, akaanza kuongea. Alinieleza habari za wateja, nani amenenepa anakataa kupimwa upya. Miaka yote ya ndoa sikuwahi kuongea naye muda mrefu namna hiyo bila mmoja wetu kutafuta kitu.

Upande wa pili, mtaa wa pili, wifi alisonga ugali, akaweka sahani ya kaka yake, akangoja. Akangoja siku nyingi tu. Mwishowe akaja mwenyewe, jioni, saa ile ile. Watoto wakamfungulia komeo, na ningewalaumu vipi, ni shangazi yao.

Alitukuta hivyo: mimi na mwiko, kaka yake chini na mkono wa sufuria.

"Shikamoo, wifi," nikasema. Sikuacha kusonga.

Hakuitikia. Akaweka mkono kifuani. "Kaka. Unafanya nini?"

Mume wangu akauachia mkono kama umemuuma, akasimama, akajipangusa magoti. Sufuria ikanizunguka. "Namsaidia kidogo," akasema.

"Unamsaidia!" Akanigeukia. "Umemlisha nini? Niambie mimi hapa. Nyumba ya baba yetu hatujawahi kuona mwanamume akishika sufuria. Hata kuku dume wa kwetu hapiti jikoni! Hiyo ni limbwata, hiyo!"

"Limbwata iko wapi, wifi? Chungulia, ni uwele na maji."

"Unamkalisha kaka yangu chini kama yaya!"

"Simkalishi mimi. Sufuria ndiyo inazunguka. Ile yangu isiyozunguka unajua iko wapi."

Hata watoto waliinama. Nikaona anataka kusema la ukoo, akalimeza. Nje jua lilikuwa limeshaingia kwenye vumbi, na ugali ulianza kukaza. Mume wangu alitazama dada yake, akanitazama mimi, akatazama mlango. Nikajua akitoka saa hii, ametoka na mwezi mzima. Atafuatana na dada yake kwa aibu, na kesho nitasemwa tena kisimani, safari hii na uchawi juu.

"Ugali unaganda," nikasema. "Atakayeshika na ashike. La sivyo leo tunakula mawe."

Wifi akavua mtandio. Nakiri sikutegemea. Akaukunja, akauweka juu ya kinu, akamsukuma kaka yake kwa bega. "Ondoka hapo. Nikiwa hai hutashika chombo cha jikoni. Nenda kakae mkekani kama mwanamume." Akachuchumaa yeye, mzito kama alivyo, akaushika ule mkono mweusi kwa mikono yote miwili.

Mume wangu akakaa mkekani kwetu. Hapo hapo. Mbele yake uji, tende kwenye kisosi, na watoto pande zote.

Nikasonga. Wifi akashika, na alishika vizuri, ana nguvu yule, angekuwa mwanamume angebeba magunia ya alizeti. Lakini mdomo haukupumzika. Ugali una maji. Ugali umekosa maji. Mimi nasonga kama ninayechimba choo. Sufuria hii ni ya kichaa, aliyeiuza na aliyeinunua wote wapelekwe hospitali. Jasho linamtiririka, joto linampanda mikononi, na akiacha inazunguka, kwa hiyo haachi.

Adhana ikaita.

Mume wangu akasema bismillahi, akatia tende mdomoni. Watoto wakafuata. Mimi niliachia mwiko mkono mmoja, nikajichukulia tende kisosini, nikaitia shavuni, nikarudi kusonga. Wifi akatazama kisosi, akatazama mikono yake.

"Wifi," akasema.

"Naam."

"Adhana hiyo."

"Nimeisikia. Shika vizuri, hapa ndipo pagumu."

"Si upumzishe kidogo nami nifungue!"

"Uwele haupumziki, wifi, unajua mwenyewe. Ukiuacha hapa unafanya vidonge. Na kaka yako hapendi vidonge."

Nikasonga. Sikuongeza mwendo. Niliusonga ugali ule kama unavyotakiwa kusongwa, kuvuta, kukandamiza, kugeuza, pembe zote. Nyuma yangu nilisikia mume wangu anakunywa uji, anavuta pumzi, anakunywa tena, na mtoto anamwambia amuachie.

"Basi nitie tende mdomoni, we mwanamke!" wifi akapiga kelele.

Nikachukua tende moja, nikamtia. Kokwa sikuitoa.